Mzamiaji wa machimboni asidharauliwe

Mwambie mtu wa Unguja kwamba Uingereza kuna watu wanaolipa kiingilio ili wazame kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya baridi, atakucheka. Mnemba ipo, matumbawe yapo, kasa wapo, shimo la nini? Tena kwetu machimbo yaliyojaa maji tunayajua kwa habari za watoto kufa maji. Hata hivyo, mimi nawatetea hao wa shimoni.

Chukua Stoney Cove, karibu na Leicester, mji ambao usishangae ukisalimiwa kwa Kiswahili dukani, kwa kuwa Waasia wengi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 walihamia huko. Uchimbaji wa mawe ulikoma mwaka 1958, chemchemi zikalijaza shimo. Ngazi walizoacha wachimbaji zimebaki chini ya maji: ya kwanza iko kwenye mita 6 hivi, nyingine kwenye 20 na ushei, na sakafu yenyewe inapita 30. Mwanafunzi anashuka daraja moja baada ya jingine, mwalimu akiwa ubavuni. Baharini hupangiwi hivyo. Mwaka 2000 wakazamisha humo meli ya kuvutia meli, Stanegarth, ili wazamiaji wapate cha kutazama. Samaki si wa kusifia.

Lakini baridi ndiyo mwalimu hasa. Hata kiangazi, ukishuka mita kadhaa unavuka mpaka ambapo maji yanabadilika ghafla, uso unakufa ganzi na vidole vinakataa kufungua kifungo. Hewa inapotoka kwenye mtungi wenye mgandamizo mkubwa hutanuka na kupoa. Maji yakiwa na baridi kali, barafu inaweza kuganda kwenye kifaa cha kupumulia, vali ikakwama wazi, na hewa ikamwagika kwa kishindo cha mapovu. Kwa hiyo mtu anafundishwa mapema kupumua polepole, kutolijaza hewa koti lake la kuelea huku anavuta pumzi, na kuutupia macho mtungi wa mwenzake kila mara. Halafu kuna tope. Piga pezi vibaya mara moja tu, hata mkono wako huuoni.

Mtu aliyezoea hayo ukimleta Pemba, kwenye mikondo, anatulia. Cha kurekebisha ni uzito: maji ya chumvi ni mazito kuliko ya shimoni kwa takriban asilimia 2.5 na humwinua mtu zaidi, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 angehitaji vipande vya risasi vya kumzamisha kama kilo 2.5 zaidi, ila akivua lile vazi nene la baridi anazipunguza tena nyingi.

Kinyume chake ndicho kinachonitia wasiwasi. Mgeni anapata cheti kwa siku chache kwenye maji ya nyuzi 28, anaona mpaka mita 20 mbele, kisha anajiona mzamiaji popote. Ningekuwa na kituo cha kuzamia, cheti cha namna hiyo ningekipokea, ila siku ya kwanza mwenyewe ningemweka kwenye kina kifupi na kumwambia avue miwani ya kuzamia humo humo majini, nione kama atatulia.