Kipara cha Mhasibu na Skwiji Yangu

Mtu akiniuliza kipi bora katika kusafisha vioo vya madirisha, skwiji ya mkononi, skwiji ya mpini mrefu au burashi inayotiririsha maji, mimi hukohoa kwanza. Si kwamba sina jibu. Majibu ninayo mengi, na baadhi yake nimeyalipia kwa aibu. Ila kabla jibu halijafika mdomoni hunijia picha ya kipara kimoja cha heshima, kimejaa povu, kimechomoza dirishani kwenye ghorofa ya pili.

Kwa asiyeijua kazi hii, skwiji ni kile kifutio chenye ukanda wa mpira uliopachikwa kwenye mfereji wa chuma, ambacho wengi wamekiona kwenye vituo vya mafuta wakakipita bila kukisalimu. Mimi nilikiheshimu kupita kiasi. Skwiji yangu ya kwanza ilikuwa ya shaba ya manjano, upana wake sentimita 35, na kila jioni niliikausha, nikauchunguza ukingo wa mpira kwa ukucha, maana kijipengo kidogo kama punje ya mchanga kinatosha kuacha mstari kutoka juu ya kioo hadi chini. Wanaojifunza kazi niliwachosha kwa habari za Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akisafisha vioo huko Oakland, Marekani, ambaye mwaka 1936 alipata hataza ya skwiji nyepesi ya shaba yenye mpira mmoja, wakati wenzake walikuwa bado wakihangaika na madude mazito ya chuma yenye mipira miwili, ambayo ili kubadilisha mpira ulilazimika kukaa chini na kufungua skurubu moja baada ya nyingine. Habari hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba niliisimulia kana kwamba Steccone alikuwa mjomba wangu.

Mwenzangu kazini alikuwa kijana wa imani nyingine kabisa. Yeye aliamini maji. Maji ya kawaida yana madini yaliyoyeyuka ndani yake, na yakikauka juu ya kioo, maji hupaa na madini hubaki, ndiyo yale madoa meupe yanayokera. Basi kijana huyu alikuwa na mtambo wake: maji yalipita kwenye vichujio, kisha kwenye chupa kubwa iliyojaa punje za rezini zinazonasa madini, mpaka kipimo kidogo cha mkononi kikasoma sifuri. Hapo maji yalipandishwa kwa mrija uliopita ndani ya mpini wa nyuzi za kaboni hadi kwenye burashi iliyo kileleni. Unasugua, unasuuza, unaondoka. Kioo kinajikausha chenyewe.

Hilo la kuondoka na kuacha kioo kimelowa ndilo lililoniudhi. Nilimwambia kwamba fundi wa kweli hawezi kuipa kisogo kazi inayochuruzika. Akanijibu kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi: “Kaka, wewe unafuta kwa mkono. Mimi nimeliachia jua.”

Bosi wetu alichoka na mabishano hayo, akaamua kuyamaliza kwa jengo moja la ofisi lenye ghorofa mbili juu. Uso wa mbele ulikuwa na madirisha kumi na sita, nane upande wa kushoto, nane upande wa kulia. Mimi nilipewa kushoto, kijana kulia. Chini ya madirisha palikuwa na kitalu cha maua kilichotifuliwa siku hiyohiyo, udongo laini kama unga, kwa hiyo ngazi ilikatazwa. Kanuni ya ngazi ya kuegemeza ni kwamba kwa kila mita nne za kupanda, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani, na mita hiyo moja ilikuwa imeangukia katikati ya maua, mahali ambapo ngazi ingezama kwanza, na fundi akafuata. Wote wawili tulilazimika kufanya kazi tukiwa tumesimama kwenye njia ya kupita watu.

Hapa ningeweza kusema ukweli nikaokoa heshima yangu: skwiji ya mkononi na skwiji ya mpini mrefu ni ndugu wasiofanana tabia. Mkononi unaiongoza kwa kiwiko na kiganja, unaizungusha mtindo wa nyoka kutoka pembe hadi pembe bila kuinyanyua, na mpira ukianza kuruka unausikia vidoleni kabla jicho halijaona. Kwenye mpini wa mita sita hakuna kiganja. Unachokishika kiko chini, kinachofanyika kiko juu, na katikati yake kuna bomba la alumini linalopinda na kuchelewesha habari. Unavuta wima, kutoka juu kwenda chini, kila mvuto ukipanda kidogo juu ya mpaka wa mvuto uliotangulia, na ukilaza kichwa kidogo tu kupita inavyotakiwa, mpira unateleza juu ya maji badala ya kuyakata. Ukifika chini unabaki na mstari wa maji ukingoni ambao mkononi ungeumaliza kwa kitambaa. Huko juu unautazama tu, nao unakutazama.

Pia kuna suala la kwapa. Kila unapouinua mpini, maji ya sabuni yaliyokusanyika kwenye kichwa hushuka taratibu kando ya bomba, yakafika kwenye kiganja, yakaingia mkononi mwa shati, yakapita kwapani, yakateremka ubavuni, na safari yao huishia kwenye soksi ya mguu wa kushoto. Kufikia dirisha la tatu nilikuwa natoa sauti ya chura kila nikipiga hatua.

Lakini nilikuwa na siri yangu. Ili nisipoteze muda wa kushusha mpini na kubadilisha vifaa, nilikuwa nimefunga kifaa cha kuloweshea na skwiji yangu ya shaba kwenye kichwa kimoja, mgongo kwa mgongo. Upande huu manyoya yaliyojaa povu, upande wa pili mpira. Unalowesha, unazungusha mpini nusu duara, unafuta. Kichwa chenyewe kilikaa kwenye ncha iliyochongoka ya mpini na kukazwa kwa skurubu moja ndogo ya kushika kwa vidole. Skurubu hiyo sikuikaza. Nilimwona kijana ameshaanza kutiririsha, wivu ukanishika, nikakisukuma kichwa kwenye ncha kikanasa kwa msuguano, nikasema kitatosha.

Jambo jingine asubuhi ile lilikuwa harufu ya samaki. Ilikuja kwa mawimbi, ikatulia, ikarudi. Nilimuuliza kijana kama alibeba chakula chake cha mchana kwenye gari pamoja na mtambo. Yeye alinitazama nilivyolowa kuanzia kwapani hadi kisiginoni, akaniuliza kwa heshima zote kama nina hakika kwamba harufu haitoki kwangu. Nilinusa shati. Lilinukia limau ya sabuni. Tukaendelea na kazi, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Dirisha la sita lilikuwa la mhasibu. Hilo sikulijua wakati huo. Nilichojua ni kwamba jua lilikuwa limepanda juu ya paa likinipiga usoni, povu lilikuwa limenidondokea jicho la kulia, na jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa kumwonea mwenzake huruma. Nilikuwa nafanya kazi kwa kupapasa. Na ndani ya ofisi ile, mzee mmoja mwenye tai na kipara kilichong'aa alikuwa amevumilia harufu ya samaki kwa muda mrefu kuliko alivyoweza. Akasogeza kioo cha dirisha lake, akachomoza kichwa nje, akaangalia chini, akafungua kinywa ili atuulize nani kati yetu ameleta samaki kazini.

Neno lililotoka lilikuwa “Nani—” tu. La pili lilizibwa na manyoya.

Mimi huku chini nilihisi kwamba kioo kina kitu kigumu kimeganda, labda kinyesi cha ndege kilichokauka, na kitu kilichoganda dawa yake ni kusugua. Nikasugua. Nilikwenda kushoto mara tatu, kulia mara tatu, nikasikia sauti juu lakini nikadhani ni mpini unalalamika. Kisha nikazungusha nusu duara, nikaweka mpira, nikavuta.

Nitakiri jambo ambalo sijawahi kumwambia bosi. Ule ulikuwa mvuto bora kuliko yote niliyovuta siku ile. Mpira haukuruka wala kulia. Ulishuka kwa ulaini wa ajabu kutoka utosini hadi kwenye nyusi, na kwa nukta moja ya furaha nikafikiri nimeupata ule mkono wa mabingwa. Nikafungua jicho la kushoto kuitazama kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa inanitazama.

Mzee wa watu hakupiga kelele. Alikishika kichwa cha mpini kwa mikono miwili, akavuta. Kwa kuwa skurubu haikukazwa, hakuhitaji nguvu: kichwa kilitoka kwenye ncha kwa urahisi wa kizibo cha chupa, akaingia nacho ndani, skwiji, manyoya na povu lote, akafunga kioo. Nikabaki nimeinua bomba tupu la mita sita kama mtu anayetafuta mawasiliano ya redio.

Kijana aliizima pampu yake kwa adabu. Alicheka akiwa ameinama nyuma ya tangi, ili nisimwone.

Nilipanda ngazi za ndani kwenda kuomba radhi, kila hatua ikitoa ile sauti ya chura. Katibu muhtasi alinifungulia mlango huku amejifunika mdomo kwa jalada. Mhasibu alikuwa ameketi nyuma ya meza, taulo begani, tai imelowa hadi ncha, na skwiji yangu imelazwa mbele yake juu ya hesabu za mwezi.

“Shikamoo, mzee,” nikasema. “Nisamehe sana, sikukuona.”

“Marahaba.” Akanyamaza kidogo. “Hii ndiyo kazi yako, kufuta?”

“Ndiyo, mzee.”

“Kwa miaka mingapi?”

“Tisa.”

Akainamisha kichwa upande mmoja, akachomeka kidole kwenye sikio, akakitoa kinadondosha povu. Akafanya hivyohivyo upande wa pili. “Katikati umefuta vizuri,” akasema. “Pembeni umeacha maji.”

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa mujibu wa kanuni zote za kazi yetu. Sikuwa na la kujitetea. Mkono wangu wenyewe, kwa mazoea ya miaka tisa, ukachomoa kitambaa kikavu kiunoni, kile cha kumalizia pembe za vioo, ukamnyooshea. Alikitazama, akanitazama mimi, akakipokea, akafuta masikio yake moja baada ya jingine. Kitambaa alinirudishia. Skwiji akaivuta upande wake wa meza.

Niliporudi chini nilikuta bosi amefika na kijana hacheki tena. Madirisha yake ya kwanza yalikuwa yamekauka, na yaling'aa kiasi cha kunichoma moyo. Ya mwisho matatu yalikuwa yamejaa madoa meupe, kana kwamba mtu ameyanyunyizia chokaa. Bosi alichukua kile kipimo cha mkononi, akakitumbukiza kwenye maji yanayotoka burashini, kikasoma 64. Asubuhi kilikuwa kimesoma sifuri. Kijana alipima mara moja, akaridhika, kama nilivyoridhika mimi na msuguano. Rezini ilikuwa imeshiba madini na haikuweza kunasa zaidi, na rezini ya aina hiyo ikifika mwisho wa nguvu zake huweza kutoa harufu. Bosi akainamia ile chupa, akanusa, akaruka nyuma.

“Samaki,” akasema.

Hakuna aliyeshinda. Kesho yake tulirudi, kijana na rezini mpya, akipima maji kila baada ya dirisha moja kama muuguzi mwenye mgonjwa mahututi, na mimi na mpini wangu wa alumini ambao haukuwa na kichwa. Nilisimama chini ya dirisha la sita nikitafakari nitafuta kwa kitu gani. Kioo kikasogea kidogo, upana wa kiganja. Mkono ukatokea, na kwenye mkono ule skwiji yangu ya shaba, imekaushwa vizuri.

“Fundi,” sauti ikasema kutoka ndani, kwa mbali na dirisha, “inua huo mpini.”

Nikauinua. Akakichomeka kichwa kwenye ncha yeye mwenyewe, akaikaza ile skurubu mpaka nikaisikia ikilia huku chini, akakitikisa mara mbili, akakitikisa tena mara ya tatu, kisha akafunga dirisha na kulitia komeo.