Picha ya Bibi na Watu Wasiokuwepo

Lynette Yiadom-Boakye, mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1977 na wazazi kutoka Ghana, huchora watu ambao hawajawahi kuishi. Huokoteza kwenye picha alizokusanya, kumbukumbu na mawazo yake, kisha huwapa macho na mkao unaokufanya udhani mlipishana sokoni jana. Mara nyingi wako peku, maana viatu vingetaja zama zao. Ukiwatazama ni watu kabisa, ila wametoka ndotoni.

Nimemfikiria sana tangu tulipotaka picha ya bibi. Tulimzika Tukuyu, na sura yake iliyobaki ni ya kitambulisho cha mpiga kura: amekodoa macho, kilemba kimekwenda upande, kama mtu aliyekamatwa. Mchoraji mmoja hapa Mbeya akatuuliza: niikuze hii, au nimchore mnavyomkumbuka?

Wajomba walitaka ikuzwe, na hoja yao ni nzito. Vitukuu hawatamjua bibi mwingine zaidi ya huyo wa ukutani. Pua ikikosewa, imekosewa moja kwa moja. Yiadom-Boakye ana uhuru huo kwa kuwa watu wake hawana ndugu wa kusimama mbele ya picha na kusema, "Huyu siye."

Lakini kamera nayo ilimkosea bibi. Woga wa dakika moja umegeuka kuwa uso wake wa milele. Iringa wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi: fuvu linalotunzwa Kalenga kama la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na watu wanalienzi, ila mfupa hausemi alivyokuwa akitazama watu. Anayetaka kuyachora macho yale hana budi kuyaota.

Kwangu mimi, taya, pua na kovu la shavuni vifuate kitambulisho. Macho aachiwe mchoraji, na ukungu wa Rungwe uingie hadi kitini akitaka. Ninachokataa ni ule mtindo wa kung'arisha ngozi, kufuta makunyanzi na kumvisha marehemu mikufu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Ile si ndoto, ni kumwonea haya mtu wako.

Mama amekwishakwenda mara mbili kukaa na mchoraji, anamsimulia bibi alivyokuwa akicheka huku amejiziba mdomo kwa pindo la kanga.