Itifaki ijaribiwe hadi bamvu lipite

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuweka vihisi visivyo na waya kwenye mikoko ya Lamu, kupima chumvi na kina cha maji, wataalamu wetu huuliza: ya nini kununua vifaa, na NS-3 na Cooja, programu za kuiga mtandao wa vihisi kwenye kompyuta, ni za bure? Si swali la kupuuza. Kwenye uigaji unapanga vihisi elfu, unabadili kitu kimoja, unarudia na kupata jibu lile lile. Vifaa halisi havikupi raha hiyo.

Ila uigaji mwepesi huichora redio kama duara: aliye ndani husikia, aliye nje hasikii. Sasa funga vihisi viwili vya 2.4 GHz kwenye miti, mita 100 kati yao, ng'ambo na ng'ambo ya mkondo upande wa Matondoni. Mawimbi yanataka nafasi ya kama mita moja katikati, chini ya mstari wa kuonana. Maji yakipwa, nafasi ipo tele. Bamvu, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa, bahari inaimeza, na njia iliyokuwa nzuri asubuhi inakatika alasiri. Itifaki, yaani kanuni zinazoongoza vihisi kupelekeana ujumbe, huhaha kutafuta njia nyingine, na kutafuta ni kula betri.

Na betri ndiyo roho ya jambo hili. CC2420, redio iliyotumika mno katika utafiti, hula miliampia 17.4 ikituma kwa nguvu zake zote. Ikisikiliza tu, 18.8. Naam, kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Betri za AA za miliampia-saa 2500 zitakwisha kwa siku tano na nusu hata pasipo kutuma neno. Kwa hiyo kihisi lazima kilale, kisha kiamke pamoja na mwenzake. Saa zao lakini hupotoka kwa joto, na kilicho juani hakiendi sawa na kilicho kivulini. Kwenye kompyuta, usipoamuru vinginevyo, saa zote huenda sawa.

Maabara kama IoT-LAB ya Ufaransa zimewafungulia watafiti vifaa halisi kupitia intaneti. Ni msaada mkubwa, ingawa ukumbi wa Ufaransa haujai maji.

Makosa ya programu yaondolewe kwenye uigaji, huko ni rahisi. Kisha vihisi kumi tu vitatosha kuanzia, mradi vikae majini siku 15, bamvu na maji mafu yote yapite.