Konokono wa tangini naye huona njaa

Jana usiku nilimulika kwa tochi tangi langu la kioo la kufugia viumbe wa baharini, nikamkuta konokono mmoja amelala chali juu ya mchanga. Mguu wake laini ulikuwa nje, ukipapasa huku na huku, hauna pa kushika. Ni wa aina ya Astraea, mwenye gamba lililochongoka kama pia ya kuchezea. Huyu akipinduka mchangani ni shida kwake kujigeuza, na akikaa hivyo muda mrefu hufa au huliwa na kaa. Nilitia mkono nikambandika kwenye kioo.

Hapa Marekani ninapoishi, wauzaji huwaita wanyama hawa kikosi cha usafi, kwa kuwa hula ukoga unaoota tangini, na huwauza kama mtu auzavyo brashi: tangi la ukubwa huu, konokono kadhaa. Mimi napinga hesabu hiyo kwa sababu imeniulia wengi.

Tangi langu la kwanza la maji ya chumvi lilikuwa la lita 120. Niliambiwa nichukue konokono 30, nikachukua. Wiki ya tatu ukoga wote ulikwisha, vioo vikang'aa, nikapiga picha nikawatumia ndugu zangu Tanga. Kisha wakaanza kufa, leo mmoja, kesho wawili. Nilipima maji kila siku nikidhani kuna sumu, kumbe maji yalikuwa salama. Walikuwa wamemaliza chakula chao, nami nikashangilia sahani tupu bila kujiuliza kesho watakula nini.

Sasa ninao wanane tu. Ukoga ukipungua, nachukua mwani mkavu wa karatasi, ule wa kuviringishia wali wa Kijapani, usiotiwa mafuta wala viungo, naufunga kwenye jiwe kwa mpira. Taa zikizimwa wanaujia mmoja mmoja.

Njaa siyo muuaji pekee. Konokono hawezi kudhibiti chumvi mwilini mwake kama samaki. Ukimtoa kwenye maji ya gramu 30 za chumvi kwa lita na kumtumbukiza ghafla kwenye ya 35, unaweza kumpoteza. Mimi humdondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima. Na maji yakipungua kwa mvuke, jazia maji yasiyo na chumvi, maana chumvi yenyewe haikuondoka. Dawa za samaki zenye shaba usizitie kabisa tangini humo.

Kuna pia konokono aitwaye Turbo, yule mkubwa wa Meksiko, anayetoka Ghuba ya California, ambako maji hupoa sana msimu wa baridi. Kumweka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi mwaka mzima ni kumfupishia maisha. Afadhali konokono wa aina ya Trochus, anayejigeuza mwenyewe na hata kuzaa tangini.

Anayewaona viumbe hawa ni wadogo mno akumbuke bahari ya Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa uliwakumba Diadema, nungu wa baharini walao mwani, jamaa za wale wa miiba mirefu myeusi tuliokuwa tukiwakanyaga miambani utotoni. Zaidi ya asilimia 90 walikufa. Huko Jamaika mwani ukatanda juu ya matumbawe, kwa kuwa mlaji wake mkuu hakuwepo tena.

Yule wa jana nimemtazama tena kabla ya kuandika. Yuko kwenye jiwe la nyuma na wenzake wawili, wamekalia kipande cha mwani kilichobaki kama ukucha. Leo jioni nitawafungia kingine.