Theluji ya Minneapolis na mtaro wa Nakuru

Hoja iliyopigiwa makofi mengi zaidi katika mkutano wa mtaa wetu haikutoka Nakuru. Ilitoka Minneapolis, Marekani. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye binti yake anaishi huko, alisimama akasema kwamba kule theluji ikianguka hakuna anayemngoja gavana: kila mwenye nyumba hutoka na sepetu akasafisha njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yake. Nasi vivyo hivyo, akasema, kila mtu azibue mtaro ulio mbele ya lango lake, tuachane na haya mambo ya kuchangishana. Waliokuwa wamependekeza kila nyumba itoe kitu kidogo kila mwezi tuwalipe vijana wa mtaa wafanye kazi hiyo wakaketi kimya. Walionekana wavivu, au watu wa pesa wasiotaka kuchafua viatu.

Mwalimu hakudanganya. Kanuni za jiji la Minneapolis humpa mwenye nyumba ya kawaida saa 24 baada ya theluji kukoma, na asiposafisha, jiji laweza kusafisha na kumtumia bili. Ila alitusimulia nusu. Barabara yenyewe husafishwa na jiji, kwa magreda yanayolipiwa na kodi. Greda hilo likipita husukuma rundo zima hadi mdomoni mwa njia ya gari ya mtu aliyekuwa amemaliza kusafisha tangu alfajiri, naye huanza upya. Tena wapo wengi kule wasioshika sepetu kabisa. Wengine wana mashine ya kurusha theluji, wengine huajiri mtu, ama kwa kila inapoanguka ama kwa mkataba wa msimu mzima. Kuchanga na kuajiri, kwa hiyo, si ugonjwa wa Wakenya.

Lakini hata tukiacha hayo, theluji na maji ni vitu viwili. Theluji hukaa ilipoangukia. Jirani yako akiiacha mbele kwake, mpita njia atateleza mbele kwake, si mbele kwako. Kazi yako haiharibiki kwa uzembe wake. Ndiyo maana kule inawezekana kugawana kazi lango kwa lango. Maji hayajui lango. Chukua paa la mabati la mita 100 za mraba. Milimita 30 za mvua, ambazo Aprili hapa kwetu zinaweza kushuka alasiri moja tu, huacha juu yake lita 3,000. Hiyo ni mitungi 150 ya lita 20, kutoka paa moja. Nyumba arobaini kama hiyo, ni lita 120,000, yaani malori 12 ya maji ya lita 10,000 yakimwagwa mtaani kwa pamoja, kabla hujahesabu barabara, viwanja vilivyotiwa zege na maji yanayoshuka kutoka miteremko ya Menengai yakitafuta ziwa. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Sasa hupita mtaroni, na mtaro ni mmoja.

Hesabu hiyo nimeirudia kichwani mara nyingi kwa sababu ya jambo ambalo mkutano haukuligusa. Tuseme nyumba za juu ni za watu wenye bidii, wakazibua mitaro yao vizuri Jumamosi asubuhi, na nyumba tatu za chini hazikufanya kitu. Maji yaliyokuwa yakisambaa polepole kwa watu wengi sasa yatashuka kwa kasi, yote, hadi penye kizibo. Hapo yatapanda ukuta na kuingia sebuleni kwa mtu. Bidii ya walio juu ndiyo itakayomfurisha aliye chini. Mtaro huzibuliwa kuanzia chini kwenda juu, siku moja, na watu wanaojua walikoanzia. Huwezi kupata hilo kwa kuwaambia watu arobaini kila mmoja afanye kwa wakati wake.

Halafu kuna ploti ya vyumba 16 yenye lango moja. Mbele ya lango ni ya nani? Mpangaji wa chumba cha 11 atasema ni ya mwenye ploti, mwenye ploti anaishi Nairobi, na mtunza ploti atasema hakuandikwa kazi ya jembe. Nimeona mtaro wa namna hiyo ukiota nyasi hadi magotini.

Wapinzani wa mchango wanapenda kusema kazi ya mikono ni bure. Hapo ningewaomba warudi kwenye theluji yao. Theluji mpya ya kina cha sentimita 20 ina uzito wa kama kilo 20 kwa kila mita ya mraba, na ikiwa na majimaji huzidi hapo. Njia ya gari ya mita 50 za mraba ni tani moja ya kuinua kwa mikono, kwenye baridi inayobana mishipa ya damu wakati moyo unahitaji damu zaidi. Utafiti mmoja wa Marekani uliohesabu miaka ya 1990 hadi 2006 ulikuta wastani wa watu 11,500 kwa mwaka wakifikishwa vyumba vya dharura kwa sababu ya kuondoa theluji, na katika miaka hiyo 17 watu 1,647 walikufa kwa moyo. Hao nao walikuwa wakifanya kazi ya bure. Hapa hatuna baridi hiyo, lakini tope la mtaro lililolowa ni zito kuliko theluji, na ndani yake mna chupa zilizovunjika, sindano, na yale yanayofurika vyooni. Nusu ya waliopiga makofi siku ile wanameza dawa za presha. Mwalimu mwenyewe ni mmoja wao, naye atanisamehe kwa kulitaja.

Na tope likishatolewa linaenda wapi? Mtu wa lango kwa lango hulirundika ukingoni. Udongo wa Nakuru ni mwepesi, wa majivu ya volkano, na mvua ya kwanza hulirudisha lote mtaroni. Kijana anayelipwa unaweza kumwambia alete toroli alipeleke mbali. Minnesota, jimbo lenye Minneapolis, wana shida ya kufanana na hii: chumvi wanayonyunyiza kuyeyusha barafu huishia maziwani, na idara yao ya mazingira huonya kwamba kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 za maji. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kupitia mitaro yetu kinabaki humo pamoja na flamingo.

Sasa, upande wa pili una hoja, na moja inauma. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Wenye viwanja hulipa kodi ya ardhi. Tukianza kuchanga, tunalipa mara mbili, na mwakilishi wa wadi atakuja kupiga picha kando ya mtaro tuliouzibua sisi. Siwezi kuikataa hoja hiyo. Ninachosema ni kwamba makalvati makubwa na mfereji mkuu hatuwezi kuyagusa hata tukitaka, hiyo tuidai kaunti kwa barua na kwa kura; mdomo wa mtaro wetu hautangoja barua ijibiwe. Mwaka 2020, wakati wa Korona, vijana wa Kazi Mtaani walizibua mitaro mingi ya mijini kwa pesa za serikali. Mpango ukaisha, mitaro ikarudi kuwa jaa.

Hoja nyingine ni ya malezi. Baba akichota kwa sepetu nepi aliyoitupa mwanawe, mwana hatatupa tena. Kuna ukweli hapo, ingawa nepi nyingi mtaroni kwetu zimetoka kwa watu tusiowajua, zikiletwa na maji kutoka juu. Na rafiki yangu wa Kisumu, anayeishi Nyalenda, ananicheka: kwetu maji hukimbia na mchanga wake, kwao ardhi ni tambarare, udongo mweusi hauyanywi, maji hukaa wiki nzima. Anasema mchango wao ungekwisha kwa kununua buti tu.

Hofu iliyobaki ni mweka hazina, na hapa sina utetezi mrefu. Kila mtaa una hadithi ya pesa zilizoondoka na mtu. Dawa ninayoijua ni kutoweka pesa nyingi mahali pamoja: vijana walipwe kwa M-Pesa jioni ileile kazi inapokaguliwa, na ujumbe wa malipo usomwe mbele ya watu. Lalamiko la kawaida, kwamba Januari na Februari hakuna mvua, tunalipia nini, ndilo linalonishangaza. Kule kwa binti ya Mwalimu, mwenye mkataba wa msimu hulipa hata theluji isipoanguka. Hapa kwetu miezi mikavu ndiyo ya kazi. Tope likiwa kavu huchoteka, na masika yanaingia Machi. Mtaro uliozibuliwa Aprili umezibuliwa huku maji yakiwa tayari sebuleni.

Tulipotoka mkutanoni nilimfuata Mwalimu hadi kwake nikamwonyesha hesabu ya paa. Aliisoma mara mbili, akaisahihisha mahali nilipokosea sifuri, kisha akasema bado hatoi shilingi kwa watu asiowaamini. Nikamuuliza, je, yeye tukimpa daftari? Akanyamaza kidogo, akataka kujua ni nani angelikagua.