Punje za feleji: zidhibitiwe kwenye kipigo au kwenye tanuri?

Wapo wanaoshikilia kwamba ukubwa wa punje za feleji, yaani fuwele ndogo zinazoiunda, udhibitiwe chuma kikiwa bado kinafuliwa. Wengine husema kifue kikiwa moto wa kutosha, punje utazirekebisha baadaye. Wote wana hoja, ila si kwa kazi zilezile.

Juu ya takribani 1,100°C, punje za ostenaiti (umbo la feleji ikiwa na joto kali) hukua haraka, kubwa zikimeza ndogo. Kipigo kizito huzaa punje mpya, na kadiri joto linavyoshuka ndivyo zinavyobaki ndogo. Vinu vya mabamba, ambako chuma hubanwa kati ya rola, vimeisukuma hoja hii mbali zaidi. Huongeza niobi (aina ya metali), kama 0.03% tu, na kupasha chuma hadi 1,150–1,200°C ili niobi yote iyeyuke ndani yake. Bamba likishuka chini ya takribani 950°C, niobi huzuia punje zisijiunde upya, hivyo rola huzibana mpaka zikawa bapa. Likipoa, feraiti (umbo la feleji iliyopoa) huota kwenye mipaka mingi ya punje hizo bapa, punje zikawa ndogo sana. Nguvu na ukinzani wa kuvunjika hupanda pamoja, bila kaboni ya ziada inayosumbua uchomeleaji.

Gharama yake si ndogo. Mzigo juu ya rola huongezeka, na bamba husubirishwa lipoe katikati ya kazi. Kwenye kipande kinene, kiini hubaki na joto wakati nje kumeshapoa. Na ole wake atakayelipasha bamba hilo hadi 900°C ili alikunje: sifa alizozilipia hupotea.

Upande wa pili hutegemea tanuri. Chuma chenye kaboni 0.4% hupashwa upya hadi 870–900°C ili punje zijiunde upya, hushikiliwa mpaka kiini kifikie joto hilo, kisha huachwa kipoe kwenye hewa tulivu. Punje zilizokua mno huenda zikahitaji mzunguko wa pili. Kwa ekseli au gia ambayo itapita tanurini kwa vyovyote, sioni sababu ya kuitesa nyundo kwa joto la chini. Lakini tanuri haliponyi chuma kilichoungua: mipaka ya punje ikishayeyuka, hicho ni chakavu.

Kosa baya kuliko yote huponyoka pande zote mbili: kupasha hadi 1,200°C kwa ajili ya kunyoosha tu. Mipigo hafifu huzaa punje mpya chache, nazo hukua bila kizuizi. Kwa kunyoosha chuma kisicho bamba lile la niobi, 900°C yatosha.