Sedani kubwa kwa safari za kila siku: ukimya kwanza au ulaini kwanza?

Anayetafuta sedani kubwa ya kwendea kazini na kurudi nyumbani kila siku huuliza mapema kabisa: gari lipi lina kelele kidogo zaidi? Muuzaji humjibu kwa namba ya desibeli na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini ukimya na starehe ni vitu viwili tofauti. Yapo magari yasiyosikika kabisa barabarani, ila dereva akishuka baada ya saa moja kiuno kinauma. Yapo pia yanayovuma kidogo kwenye lami chakavu na bado yanamfikisha mtu bila uchovu.

Uamuzi unapaswa kutoka kwenye mwendo ambao dereva hutumia muda wake mwingi. Anayeshinda kwenye foleni, chini ya kilomita 50 kwa saa, aanze na ulaini: viti, springi, shokapu, giaboksi. Anayekwenda barabara kuu kwa 100 na zaidi aanze na ukimya. Mara nyingi hawezi kupata vyote viwili kwa kiwango cha juu, kwa kuwa vinagombana ndani ya gari lilelile.

Tuanze na kelele. Gari likiwa limesimama au linatambaa, kinachosikika ni injini, feni ya kiyoyozi na magari ya jirani. Kuanzia kilomita 40 au 50 kwa saa mvumo wa tairi huipita injini, ilimradi hujakanyaga mafuta kwa nguvu. Ukivuka 100 upepo nao unaingia, na hukua haraka sana: kupanda kutoka 100 hadi 120 kunaongeza kelele ya upepo kwa takriban desibeli 5. Ndiyo maana vioo vya tabaka mbili vyenye utando wa plastiki katikati, pamoja na raba za milango zenye kingo mbili au tatu, huonyesha thamani yake kamili barabara kuu. Mjini kazi yake ni kuzuia honi, pikipiki na malori, na hilo si jambo dogo, lakini havikusaidii lolote gari linapokanyaga shimo.

Namba yenyewe ya desibeli inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ongezeko la desibeli 10 masikio hulisikia kama kelele imekuwa mara mbili hivi, ilhali tofauti ya 1 au 2 kati ya magari mawili karibu haisikiki. Isitoshe, vipimo vingi vya magari hutumia mizani ya A, ambayo hupunguza uzito wa sauti nene. Kwa hiyo magari mawili yanaweza kuandikwa namba moja, na bado moja likawa na mvumo mzito unaokandamiza masikio na kumchosha dereva. Mvumo wa aina hiyo, hasa chini ya hezi 300 (mitetemo 300 kwa sekunde), ndio unaopunguzwa na mfumo wa maikrofoni na spika zinazotoa sauti ya kinyume, kama ule ambao Honda imeuweka kwenye Accord. Mfumo huo hauna la kufanya dhidi ya mluzi wa upepo mlangoni.

Lexus ilipoingiza LS 400 sokoni mwaka 1989, tangazo lake lilipanga glasi za shampeni juu ya boneti huku magurudumu yakizunguka kwa kasi juu ya rola, na hakuna glasi iliyoanguka. Ulikuwa ushahidi mzuri wa utulivu wa injini yake ya V8 na mifumo ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Lakini rola hazina mashimo wala matuta, na onyesho hilo halikueleza mgongo wa abiria utapata nini barabarani.

Mgongo una hesabu yake. Bodi ya sedani laini hupanda na kushuka mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, mwendo ambao mwili huuvumilia vizuri. Mwili hauvumilii mtikisiko wa wima wa kati ya hezi 4 na 8, ambao hufika hadi tumboni na kwenye uti wa mgongo. Barabara yenye viraka vingi hutoa mtikisiko huo kwa wingi, na hapo springi, shokapu, bushi (raba za kwenye maungio ya chini ya gari) na povu la kiti hufanya kazi pamoja kuupunguza. Springi zikiwa laini mno bila shokapu za kuzituliza, bodi inaelea baada ya kila tuta, na abiria wa nyuma anayesoma simu huanza kusikia kichefuchefu. Ulaini unaofaa ni ule ambao gari huzama mara moja, hurudi mara moja, kisha hutulia.

Tairi na rimu ndizo mahali ambapo wanunuzi wengi hupoteza starehe waliyoilipia. Tuchukue Accord ya kizazi cha 10, iliyoanza kuuzwa na mwaka wa modeli wa 2018. Toleo la chini lilikuja na tairi 225/50 R17 (upana wa milimita 225, ukuta wa asilimia 50 ya upana huo, rimu ya inchi 17), ambalo ukuta wake una urefu wa milimita 112 hivi. Matoleo ya Sport na Touring yalipata 235/40 R19, ukuta wa milimita 94. Milimita 18 zilizopotea ni raba na hewa, vitu ambavyo vingelainisha pigo kabla halijafika kwenye springi. Rimu ya inchi 19 pia kwa kawaida ni nzito zaidi, hivyo gurudumu linachelewa kufuata ardhi, na tairi pana huleta mvumo zaidi. Kwa watengenezaji wengi hali ni hiyohiyo: toleo ghali zaidi linaongezewa vioo vya kuzuia sauti, kisha linavishwa rimu kubwa zinazorudisha sehemu ya kelele iliyoondolewa. Kwa safari za kila siku, toleo la kati lenye rimu ndogo mara nyingi ndilo gari bora zaidi kwenye orodha nzima.

Toyota Crown ilifanya mgawanyo huo waziwazi kwa miaka mingi. Royal ilipangwa kwa ulaini, Athlete ikapewa shokapu ngumu zaidi na tairi zenye ukuta mfupi. Anayenunua Athlete kwa sababu ya sura na baadaye kulalamika kwamba inagonga amenunua gari lililotengenezwa kufanya hivyo hasa.

Tairi zinazoweza kutembea bila upepo, kama zile ambazo BMW ilizifunga kwa muda mrefu kwenye Series 5, nazo zina kuta ngumu kwa makusudi. Kuzibadilisha kwa tairi za kawaida hulainisha gari kwa kiasi ambacho dereva anakisikia siku ya kwanza. Gharama yake ni kwamba magari hayo mara nyingi hayana tairi la akiba, kwa hiyo utalazimika kutembea na pampu na dawa ya kuziba pancha. Tairi zenye sponji ndani ni jambo jingine: sponji hupunguza mlio wa hewa iliyofungiwa ndani ya tairi, ambao huwa karibu na hezi 200, lakini haipunguzi mluzi wa kashata, yaani uso wa tairi unaogusa lami. Likipata pancha, fundi lazima akate kipande cha sponji kabla ya kubandika kiraka ndani, kwa hiyo uliza kama ana uzoefu nazo.

Lebo ya tairi ya Ulaya yenye alama ya kelele pia huwapotosha watu. Desibeli zake hupimwa nje, pembeni mwa barabara, gari likipita. Zinasaidia kulinganisha tairi kwa tairi, ila hazisemi utasikia nini ukiwa umekaa kwenye usukani.

Na kuna upepo wa tairi, ambao hausemwi vya kutosha. Sedani nyingi kubwa huandikiwa kati ya PSI 32 na 36 kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pampu za barabarani mara nyingi hujaza 40 na zaidi, kisha mwenye gari huamini shokapu zimekufa. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, rudisha kiwango cha kibandiko, ndipo uanze kuhukumu gari.

Ndani ya foleni mambo hubadilika. Injini ya silinda nne ikiunguruma kwa mizunguko 700 kwa dakika hutoa mtetemo wa hezi 23 hivi, unaofika kwenye usukani na kwenye kiti. V6 kwa mzunguko huohuo hutoa hezi 35, na kwa kawaida mtetemo wake ni mwepesi zaidi, kwa hiyo mauntini (vishikio vya raba vinavyobeba injini) huuzuia kwa urahisi. Hapo V6 inashinda. Lakini haibridi, gari lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, inaishinda V6 kwenye foleni kwa kuwa muda mwingi injini imezimwa kabisa. Udhaifu wa haibridi kama Camry au Lexus ES 300h hujitokeza unapokanyaga mafuta kupanda mlima au kuingia barabara kuu: injini hupanda mizunguko ghafla na kubaki inavuma juu huku mwendo ukiongezeka polepole. Giaboksi za klachi mbili nazo huwa laini zikishika kasi, lakini nyingi husitasita na kushtuka gari linapotambaa hatua kwa hatua. Mwenye safari ya foleni azijaribu foleni, si barabara tupu iliyo nyuma ya yadi.

Sedani za umeme zimemaliza tatizo la injini na kuleta jingine. Mvumo wa injini ukiondoka, tairi na upepo husikika wazi zaidi kwa kuwa hakuna cha kuvifunika. Uzito wa betri nao hudai springi ngumu zaidi, ndiyo maana baadhi yake hugonga kwenye matuta kuliko umbo lake linavyoashiria.

Kwa gari lililotumika, hali yake huzidi jina lake. Lexus yenye mauntini zilizokufa ina kelele kuliko gari la kawaida lililotunzwa. Jaribu hivi: injini ikiwa ya moto na kiyoyozi kimewashwa, kanyaga breki na uweke D. Kama usukani unatetemeka, peleka N. Mtetemo ukipungua sana, shuku mauntini. Zile zenye mafuta ndani huvuja na kuacha doa jeusi chini yake. Ukizibadilisha kwa za raba tupu za bei nafuu, mtetemo utabaki, kwa sababu mafuta yale ndiyo yaliyokuwa yakiumeza.

Bushi zina mtego wake. Fundi akikaza bolti za mikono ya chini inayoshika magurudumu gari likiwa limening'inia kwenye jeki, raba hujipinda mara gari linaposhushwa na huchanika mapema. Bolti hizo hukazwa kwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Bushi za poliyurethani hudumu zaidi na hufanya usukani ujibu haraka, lakini hupitisha mtetemo na sauti hadi ndani. Kwa sedani ya starehe, raba ya asili ndiyo sahihi. Shokapu nazo hubadilishwa mbili kwa ekseli moja, pamoja na mauntini zake za juu, kisha alaimenti.

Springi za hewa, kama zile za Mercedes S-Class, ndizo zinazokaribia kuunganisha ulaini na utulivu wa bodi kuliko kitu kingine chochote. Lakini raba yake huzeeka na kupasuka. Egesha gari jioni mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kona zote nne, kisha pima tena asubuhi. Kona iliyoshuka inavuja, na kompresa inayofidia uvujaji huo kila siku itaungua. Mtu asiye na fungu la matengenezo hayo ni bora abaki na springi za chuma.

Ukimya una faida moja juu ya ulaini: sehemu yake inaweza kuongezwa baadaye. Tairi nzuri, raba mpya za milango na shiti za butili (raba nzito ya kubandika kwenye bati) milangoni na chini ya zulia hupunguza mvumo. Shiti hazihitaji kufunika bati lote. Robo hadi nusu ya eneo lililo wazi inatosha kuzuia bati lisitetemeke. Usizibe matundu ya maji chini ya mlango, la sivyo mlango utaoza kwa kutu. Kiti kibaya, kwa upande mwingine, hakirekebishiki kirahisi. Kwa sababu hiyo, mtu akilazimika kuchagua kati ya gari lenye kiti kizuri na lenye vioo vizuri, ningemshauri achukue kiti.

Jaribio la kununua lichukue angalau dakika 40, kwani kiti laini mno huonekana kizuri kwa dakika tano za mwanzo kisha huacha mapaja bila egemeo. Pita lami chakavu kwa 50, matuta kwa 20, na barabara kuu kwa 100 feni ikiwa imezimwa. Ukisikia mluzi karibu na kioo cha pembeni, bandika tepu ya karatasi kwenye mwanya wa mlango na urudie. Ukitoweka, tatizo ni raba au mlango uliokaa vibaya. Ukisikia mngurumo unaopanda na mwendo, yumbisha usukani kidogo kushoto na kulia mahali salama kwa 60. Mlio ukibadilika kila unapoegemea upande mmoja, ni beringi. Ukibadilika kila lami inapobadilika, ni tairi, na hapo pitisha kiganja juu ya kashata: ikiwa imeliwa kwa mabonde, shokapu huenda zimechoka, na tairi mpya peke yake zitaanza kuvuma tena baada ya muda mfupi.